Siku Mwenye Nyumba Alipovua Koti

Kwako Bi Felisia, mshauri wetu sisi akina mama,

Nianze kwa kukuomba radhi kwa kuchelewa kukuandikia. Barua hii nimeianza mara nne tangu mwezi wa kumi na mbili, ya kwanza mtoto aliimwagia uji, ya pili nilisinzia juu yake, mbili nyingine nilizichana mwenyewe kwa aibu, na sasa Januari inakaribia kwisha na baridi haikunisubiri nimalize aibu zangu. Nisamehe na mwandiko. Ni Jumatano mchana, niko kwenye meza ya jikoni, mtoto amelala kifuani kwangu ndani ya koti langu, nimebaki na mkono mmoja.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, Warda, ana mwaka na miezi minne. Nimezaliwa Buyenzi, Bujumbura, nikaolewa huku Brussels miaka mitatu iliyopita. Mume wangu anaitwa Ilyas, anapanga vifurushi kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege, na mimi nasafisha nyumba za watu kule Uccle siku nne kwa wiki. Tunakaa Schaerbeek, ghorofa ya kwanza. Chini yetu yuko Maman Ngoy, mama mtu mzima kutoka Lubumbashi, na juu yetu yuko mwanafunzi mmoja, Noé, ambaye tunamjua zaidi kwa sauti ya viatu vyake. Nyumba nzima inapashwa joto na mtambo mmoja wa gesi ulioko kwenye cave, chumba cha chini ya ardhi, wenyewe wanaita chaudière, na mtambo huo ulikufa tarehe kumi na nne ya mwezi wa kumi na moja, siku ya Ijumaa, ulikohoa kama mzee wa tumbaku, ukanyamaza, na tangu siku hiyo radiateur zetu za ukutani zimebaki vyuma vya kuanikia soksi, na maji ya kumwogeshea mtoto nachemsha kwenye sufuria.

Utaniuliza, kwa nini hamkumwambia mwenye nyumba? Bi Felisia, hapo ndipo penyewe. Mwenye nyumba ni Mzee Shafii, mtu wetu, wa Buyenzi vilevile, anakaa Evere. Ilyas alipofika nchi hii alikuwa na miaka kumi na saba, hana mtu, ana mfuko mmoja wa plastiki, na Mzee Shafii ndiye aliyemchukua, akamlaza kwake miaka miwili, akampeleka shule, na siku ya ndoa yetu ndiye aliyekaa mahali pa baba yake. Donc kwangu mimi yule si mwenye nyumba, ni baba mkwe. Na sijaona mke anayempigia baba mkwe simu kumwambia chaudière yako imekufa, njoo. Jambo kama hilo kwetu linapitia kwa mtu. Mtu wetu ni Tonton Mustafa, ambaye ndiye aliyekuwa mshenga wetu, na amezoea kubeba maneno kati ya nyumba zetu mbili.

Tulimtuma mara tatu. Mara ya kwanza nilimwambia mwenyewe, mlangoni, mtoto mgongoni, "Tonton, mwambie Mzee nyumba imekuwa friji, mtoto anakohoa, tunaomba fundi wiki hii." Akasema, "Usijali, mwanangu, nitalifikisha." Mara ya pili akasema amelifikisha, Mzee analiangalia. Mara ya tatu akaniambia nivumilie, wao walipokuja Ulaya walivaa makoti mawili mawili ndani ya nyumba na wamekuwa watu wazima. Bon, tukavumilia. Tulinunua kipasha joto cha umeme, kidogo kama redio, tukakiweka karibu na kitanda cha Warda. Maman Ngoy alikuwa na chake, Noé ana chake.

Kule Uccle ninakosafisha, wenyewe wanaenda kazini na chauffage, joto la nyumba, wanaiacha inawaka kwa ajili ya paka. Sisemi kwa wivu, ni watu wazuri. Lakini nilianza kubeba nguo za Warda za kulalia kwenye mkoba, naziweka juu ya radiateur yao ninapopiga pasi, nikimaliza nazikunja ndani ya taulo, taulo ndani ya mfuko, na ndani ya tramu ya 92 nazikumbatia kama nimebeba mkate, ili zifike na moto. Hazifiki, Bi Felisia. Mimi huwa nafika na nguo baridi zilizokunjwa vizuri.

Sasa nikueleze kosa langu, kwa sababu ndilo lililotufikisha hapa. Baada ya Krismasi Mzee Shafii mwenyewe alimwambia Ilyas msikitini, "Jumapili nitapita niione hiyo nyumba mnayoisemea." Ilyas alifurahi, nami nilifurahi, nikasema sasa ataona kwa macho yake, maneno yamekwisha. Jumamosi nikaanza kupika. Nilipika pilau, nikakaanga sambusa, nikafua mapazia, na Jumapili asubuhi nikasimama sebuleni, nikaona pumzi yangu hewani kama moshi wa sigara, na wazo lililonijia, wallahi lilikuja lenyewe, ni kwamba baba mkwe hawezi kukaa mahali hapa. Mama yangu alinilea nikijua mgeni hapewi kiti chenye vumbi, sembuse chenye baridi. Nikashuka kwa Maman Ngoy, nikamwambia nina mgeni, niazime kipasha joto chako. Nikapanda kwa Noé, nina mgeni, niazime. Kwetu mtu akisema nina mgeni, hakuna anayeuliza mgeni gani. Wakanipa. Nikaviwasha vyote vitatu sebuleni tangu saa tatu asubuhi, nikafungua na tanuri jikoni, nikaziba mlango kwa kanga.

Mzee alipoingia, alisimama kidogo, akatazama huku na huku, akavua koti. Na mimi, Mungu anisamehe, nilipompokea lile koti nilijivuna. Nilifurahi kabisa! Nimelishika mkononi, linanukia udi, nasema moyoni leo nimemheshimu baba mkwe. Mpaka nilipolitundika ukutani ndipo nikaelewa nilichofanya, lakini Mzee alishakaa, amenawa, anasema bismillahi.

Alikula vizuri. Akasema, "Mama Warda, Mustafa aliniambia watoto wananisalimia sana, wanasema kuna kabaridi kidogo. Mbona mimi natoka jasho?" Bi Felisia, kabaridi kidogo! Ndicho Tonton Mustafa alichofikisha mara zote tatu, salamu nyingi na kabaridi kidogo. Nilitaka kusema, lakini Ilyas alinitazama, na pale mezani, mbele ya chakula, kumwambia mgeni kwamba joto analoliona ni la kuazima ni sawa na kumwambia sahani anayolia ni ya jirani. Nikamwongezea pilau. Akavaa koti lake, akashukuru, akampa Warda peremende, akaondoka. Tangu siku hiyo akiulizwa anajibu neno moja: "Nilikwenda mwenyewe, nikavua koti. Fundi ataangalia mtambo wakati wa kiangazi."

Maman Ngoy aliliona gari lake kupitia dirishani. Nilipomrudishia kipasha joto chake alikuwa amekaa na blanketi mabegani na kofia ya sufu kichwani, akaniambia, "Mama Warda, weye iko na akili kweli? Muzee anakuya kuona baridi, weye unamufichia baridi! Na mimi niko huku chini nakauka kama samaki makayabo, eti iko na mugeni!" Halafu akacheka mpaka akakohoa, halafu akaacha kucheka.

Kuna jambo jingine, na hili hata Ilyas halijui. Wiki moja baada ya ile Jumapili, Jumamosi mchana, kipasha joto chetu kiliungua waya. Ilyas yuko kazini. Warda alikuwa anatetemeka usingizini, na mimi nikakumbuka tuna jiko la mkaa tulilochomea nyama wakati wa joto, imbabura kama tunavyosema kwetu. Nikalikoleza nje kwenye balcon, lilipokuwa jekundu bila moshi nikaliingiza chumbani, nikafunga mlango ili joto lisitoke, nikajilaza karibu na mtoto. Nilisikia raha. Kisha kichwa kikaanza kugonga, nikataka kuamka nikaona miguu si yangu, nikaangusha kiti. Maman Ngoy alisikia kile kishindo, akapanda, Mungu ambariki, akafungua madirisha yote akipiga kelele, "Amusha mutoto! Amusha mutoto!" Warda hakuamka mara moja. Hakuamka mara moja. Alipoamka alitapika. Ilyas aliporudi nilimwambia mtoto amekula kitu kibaya.

Juzi nimempeleka kwa daktari kwa ajili ya kifua. Akaniuliza, nyumbani kuna joto kiasi gani? Nikasema kuna joto zuri, daktari. Nimemdanganya daktari, nimemdanganya mume wangu, na baba mkwe nimemdanganya kwa pilau.

Maman Ngoy anasema tuandike barua ya posta, ile ya recommandé inayotolewa risiti, yeye na Noé watatia saini. Nilipomwambia Ilyas hakupandisha sauti, hana tabia hiyo. Alisema, "Yule mtu alinipa kitanda chake. Ukimwandikia barua hiyo, andika na ya kwangu mimi." Akaenda kulala na viatu.

Mimi si mkorofi, Bi Felisia. Shule nilimaliza darasa la tisa, Kifaransa changu ni cha kusemea na cha kusafishia nyumba, barua kama hiyo siiwezi. Lakini kifua cha mwanangu nakisikia, nimeweka sikio juu yake sasa hivi, kinalia kama mlango usiotiwa mafuta. Niandike, nivunje nyumba yangu? Au ninyamaze tungoje kiangazi? Nimechoka hata kuchagua.

Mama Warda,
Schaerbeek

---

Mama Warda, mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, sikukaa. Kuchelewa nimekusamehe. Mkaa bado.

Kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu, amka, chukua hilo jiko, literemshe ngazi, lisirudi tena ndani ya nyumba hiyo hata likiwa tupu. Mkaa ukiwa mwekundu bila moshi ndipo unapoua vizuri, kwa sababu hewa yake ya sumu haina harufu wala rangi, na ile raha uliyoisikia ndiyo dalili yake. Siku ile ulitakiwa kupiga 112, namba ya dharura, si kufuta matapishi. Nakugombeza kwa sababu nakupenda, na kwa sababu kuna akina mama kumi wengine wanaoniandikia ambao nao wameshatazama majiko yao. Na tanuri, Mama Warda, ni la kuokea. Ukipika funga mlango wake.

Kesho rudi kwa daktari. Mwambie yote, mkaa na baridi pia. Hatakufunga, ataandika. Mwombe cheti kinachosema kifua cha mtoto kinahitaji nyumba yenye joto. Daktari anatibu anachoambiwa, na wewe umemwambia habari za nyumba ya paka wa Uccle.

Jioni hiyohiyo mweleze mumeo habari za mkaa, kabla Maman Ngoy hajateleza ulimi. Usizipunguze. Familia yenu imeshapata hasara ya kutosha kwa maneno yaliyopunguzwa makali njiani. Huyo Tonton Mustafa simlaumu sana. Mshenga kazi yake ni kulainisha, ndiyo maana mkaoana. Lakini mtu anayelainisha posa hafai kupeleka habari za moto wala za baridi. Kosa ni lenu, mlituma asali ikafanye kazi ya msumari.

Na wewe na koti lako! Ningekuwa hapo ningelichukua ukutani nikamvisha tena kwa mikono yangu. Naelewa, hata mimi mama yangu alinilea hivyo. Lakini sikiliza: kumkirimu mgeni ni kumpa ulicho nacho. Ulichompa Mzee Shafii hukuwa nacho, kilikuwa cha Maman Ngoy aliyebaki na blanketi na cha yule kijana wa juu. Mwalike tena. Pika chai, kaanga sambusa zako, fua mapazia ukitaka. Mpe chai, usimpe joto usilo nalo. Akae saa moja katika nyumba yake jinsi ilivyo.

Sasa barua. Inaandikwa, na inapita posta, na risiti yake unaitunza kama cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Nimekuwekea mfano kwa Kifaransa ndani ya bahasha hii, ukurasa mmoja. Unasema mtambo ulikufa tarehe fulani, nyumba ina wapangaji watatu na mtoto mdogo, sheria inamtaka mwenye nyumba autengeneze, naye anapewa siku kumi na nne. Saini zote tatu ziwepo. Kabla ya hapo nunua kipimajoto kidogo cha ukutani, kipige picha asubuhi na jioni, andika namba na tarehe kwenye daftari. Maneno matupu ya baridi ndiyo yaliyogeuka kabaridi.

Ilyas anaogopa kwamba barua ni tusi. Mwambie hivi kutoka kwangu: heshima na barua hazigombani. Nakala moja inakwenda posta kwa ajili ya sheria, nyingine mnampelekea wenyewe, mnaitoa kwa mikono miwili, mnamwambia, "Baba, hili tumeliandika kwa sababu midomoni limeharibika." Mtu aliyempa kijana asiye na kwao kitanda chake si mtu mbaya. Lakini aliyekaa mahali pa baba kwenye ndoa yenu amekuwa babu wa Warda, na babu haambii mjukuu angoje kiangazi. Ilyas anamlinda Mzee wa miaka ile. Wewe mwambie kuna mtu wa miaka hii, ana meno sita, naye pia hana mwingine wa kumpokea.

Msiache kulipa kodi kwa hasira, hata mwezi mmoja, maana siku hiyo mtakuwa nyinyi wenye makosa. Na asiwatishe mtu kwamba mtatupwa nje. Katika nchi hii mwenye nyumba hakutoi bila jaji. Siku kumi na nne zikipita kimya, nenda kwa juge de paix, hakimu wa mtaa wenu, uombe conciliation, yaani usuluhishi. Haina malipo, haihitaji wakili, na si kumshitaki mtu. Mnakaa, kila mmoja anasema, mtu asiye ndugu wa yeyote anasikiliza. Sisi kwetu tunaita baraza. Ya huku ina karatasi tu.

Chagua kuandika. Uchovu wako naujua, nimelea watatu katika mji huu. Lakini kunyamaza hakutakupumzisha, kutakuongezea kazi ya kuficha. Jiko kwanza. Halafu daktari, halafu mume, halafu posta.

Na uniandikie. Usingoje miezi miwili.

Felisia

---

Bi Felisia,

Safari hii nimengoja wiki tatu tu, na mtoto hajamwaga kitu.

Jiko lilitoka. Nilipomweleza Ilyas, alilibeba yeye mwenyewe mpaka kwenye kituo cha taka, akarudi amepakaa masizi mpaka shingoni, na siku mbili hakuzungumza nami ila alikuwa anaamka kila mara kumwekea Warda kidole chini ya pua asikie pumzi. Siku ya tatu akaniuliza, "Ile barua iko wapi?" Akasaini, jina lake likiwa la kwanza juu, kabla ya Noé na Maman Ngoy.

Mzee Shafii alikuja Jumapili baada ya kupokea ya posta. Maman Ngoy alikusanya vipasha joto vyote vya nyumba nzima, akavifungia kwake, akasema, "Leo hakuna mutu atakopesha joto hapa, hata malaika akikuya." Mzee aliingia, akasimama, mkono ukaenda kwenye kifungo cha koti, ukabaki hapohapo. Akakaa nalo. Nikampa chai. Alikuwa amekasirika, Bi Felisia, alitoa ile bahasha mfukoni akaiweka mezani, akasema, "Barua ya posta, Mama Warda? Mimi? Mimi niliyemvisha huyu viatu vya kwanza vya theluji?" Ilyas ndiye aliyejibu, taratibu, anatazama chini. "Baba, angalia jina la kwanza. Si yeye, ni mimi. Midomoni liliharibika."

Warda akamwendea Mzee, siku hizi anatembea kwa kushika viti, akataka kupakatwa, na alipopakatwa akaingiza mikono yake miwili ndani ya mikono ya koti la Mzee, mpaka kwenye viwiko, kama anavyofanya kwangu kila siku kutafuta joto. Mzee akaruka kidogo. Akaniuliza, "Mikono yake iko hivi tangu lini?" Nikasema tangu mwezi wa kumi na moja. Akaishika humo ndani ya koti, chai ikapoa mbele yake, ikafanya utando, hakuinywa.

Fundi alikuja Jumanne. Anasema mtambo ni mzee kuliko mimi, hautengenezeki, unaletwa mpya, na Mzee amesaini karatasi ya kuuagiza, nimeiona. Ameleta na radiateur tatu kubwa za umeme, kila mpangaji moja, Maman Ngoy ameipa yake jina. Lakini mtambo wenyewe bado, wamesema mwisho wa mwezi wa pili, na hapa ninapoandika bado nimevaa koti. Cheti cha daktari ninacho. Kifua cha Warda kinalia usiku, mchana kimetulia. Mzee sasa ananipigia simu mwenyewe, hapitii kwa mtu, nami bado nasimama wima ninapopokea.

Kwa hiyo vitu ninavyohitaji bado unitumie ni hivi. Barua ya pili, fupi, ya kumkumbusha, ikiwa mwisho wa mwezi utapita. Yale maneno ya conciliation, yaandikwe kwa herufi kubwa kwenye karatasi ndogo, ili nikifika dirishani pale mahakamani nionyeshe tu, nisitetemeke na Kifaransa. Jibu kama risiti ya recommandé iliyoingia chai bado inafaa, namba zake zinasomeka zote isipokuwa moja. Jina la kifaa kinachopiga kelele kikinusa hewa ya sumu, kama kipo, Maman Ngoy naye anataka cha kwake. Na mwisho, barua ya shukrani kwa Kifaransa kizuri, ya kumpa Mzee kwa mikono miwili, usiiandike tarehe. Tarehe nitaiweka mwenyewe, siku ya kwanza Warda atakapolala bila kofia.

Mama Warda